Malalamiko kuhusu miche 630 ya maembe ya kubebeshwa aina ya Kent

Kiryandongo, Uganda, Juni

Kwa Meneja wa Kitalu

Ndugu Meneja,

KUH: MICHE YA KENT ILIYOPANDWA MSIMU WA SEPTEMBA

Salaam. Tumepokea jibu lenu kwamba miche ilikufa kwa ukame wa Januari na uzembe wetu wa kumwagilia. Jibu hilo hatulikubali. Ushahidi upo shambani, na yeyote anayejua kubebesha, yaani kuunganisha kijiti cha mti bora juu ya shina la mti mwingine, atauona akichuchumaa mbele ya mche.

Mlituletea miche 630. Imepandwa mita 8 kwa 8 kwenye ekari 10, kwenye mashimo ya sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukichanganywa na samadi iliyooza. Leo miche 214 haifai.

Katika hiyo, 97 imekauka kikonyo, kile kijiti cha Kent kilichobebeshwa juu, ilhali shina la chini ni bichi na linachipua. Mizizi iko hai, inavuta maji, lakini maji hayavuki kiungio, pale kikonyo na shina vinapokutana. Miche ya pembeni yake, mstari uleule, iliyopata lita 20 zilezile kila wiki, imeshatoa majani mapya mara mbili. Tulipasua viungio kwa kisu, tukakuta mstari wa kahawia kati ya kikonyo na shina, na sehemu iliyoshikana haizidi upana wa kijiti cha kiberiti. Kikonyo kilikuwa chembamba kuliko shina, na fundi wenu alikiweka katikati ya mpasuko badala ya kukisogeza ukingoni ili gamba la ndani la kikonyo ligusane na la shina walau upande mmoja. Kiungio kama hicho hutosha mche ukiwa chini ya kivuli cha kitalu. Jua la Januari likija, majani yanadai maji kuliko kinachoweza kupita. Kwa hiyo ukame ulifichua tu kilichokwisha kuharibika mikononi mwenu.

Kuna jambo linalotuudhi zaidi. Kwenye baadhi ya miche hiyo 97, chipukizi la chini ya kiungio liliachwa kitaluni mpaka likawa nene kuliko kikonyo chenyewe. Mkulima asiyekagua angelilea kwa miaka akidhani ni Kent, kumbe analea embe la kienyeji lenye nyuzi, ambalo mnunuzi wa Kent hatalichukua. Machipukizi ya chini hukatwa kila wiki tangu siku ya kubebesha. Kazi hiyo haihitaji utaalamu, inahitaji msimamizi anayepita kwenye mistari.

Mingine 71 imenyongwa na utepe. Utepe wa nailoni unaofunga kiungio hufunguliwa kikishashikana, kwa kawaida miezi 2 hadi 3 baada ya kubebesha. Wenu umezama ndani ya gamba, juu yake shina limevimba na chini limesinyaa, na upepo ukipiga mche unakatika hapohapo. Wakati wa kupanda haukuonekana kwa sababu mlibebesha sentimita 6 tu kutoka chini, kisha mkajaza udongo wa kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche) hadi ukafunika kiungio. Sisi tulitarajia sentimita 20 au zaidi: kiungio kikikaa juu, matope hayakirukii na kuoza si rahisi.

Iliyobaki 46 ina mizizi mibovu. Kwenye mingine mzizi mkuu umejikunja shingoni, maana yake ulipinda ulipohamishwa kutoka kitanda cha mbegu kwenda kwenye kiriba. Kwenye mingine umejizungusha chini kwa sababu mche ulikaa kwenye kiriba muda mrefu mno. Ule wa chini tungeweza kuukata wakati wa kupanda. Uliopinda shingoni hauna dawa.

Tunataka haya. Mlete miche 214 ya kufidia ifikapo wiki ya kwanza ya Agosti, ili ishike kabla mvua ya pili haijakatika. Iwe imebebeshwa sentimita 20 au zaidi, utepe umefunguliwa, na imezoeshwa jua kamili kwa wiki 2 au 3 kabla ya kupakiwa. Tutavua viriba vya miche 10 tutakayoichagua wenyewe mbele ya dereva, na ikionekana mizizi iliyopinda shingoni, mzigo wote utarudi. Mtupe pia rekodi ya miti mama vilikotoka vikonyo, maana hatuwezi kusubiri mpaka izae ndipo tujue kama hata iliyopona ni Kent. Gharama ya kuchimba upya na samadi ni yenu, hesabu imeambatanishwa.

Fundi wenu mkuu aje tukague pamoja. Hatujang'oa mche hata mmoja zaidi ya ile tuliyoipasua au kuikagua mizizi, na kila wenye kasoro umefungwa kitambaa chekundu.

Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutapeleka suala hili kwa afisa kilimo wa wilaya na Wizara ya Kilimo, chini ya Sheria ya Mbegu na Mimea ya mwaka 2006.

Wenu,
Kamati ya Mashamba
Kikundi cha wakulima wa maembe, Kiryandongo

Viambatanisho: stakabadhi ya malipo, orodha ya miche kwa mstari na namba, picha za viungio vilivyopasuliwa, hesabu ya gharama.