Kisigino kinachouma kwa nyuma si cha kukandwa

Mhariri,

Naomba nafasi. Mitaani kila kisigino kinachouma huitwa "mwiba", na tiba yake ni ileile: dawa ya kuchua na dole gumba. Maumivu yakiwa nyuma ya kisigino, dole gumba hilo huyazidisha.

Kano nene inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu haishiki kileleni mwa mfupa wa kisigino, bali chini kidogo, katikati ya uso wake wa nyuma. Hapo juu panabaki upenyo, na ndani yake kuna kifuko chenye umbo kama la kwato, chenye ute usiozidi sana mililita moja na nusu. Ndicho kinachozuia kano isisagane na mfupa. Cha pili kiko kati ya kano na ngozi. Hiki mara nyingi hatuzaliwi nacho, hujitengeneza kwa msuguo wa kiatu kigumu nyuma. Cha tatu kiko chini, kati ya mfupa na mto wa mafuta wa unyayo.

Vifuko hivi vikivimba, kisigino huuma. Kuvitofautisha, weka dole gumba na kidole cha shahada pande mbili, mbele tu ya kano, juu ya mfupa, kisha bana polepole. Ukiruka, ni kifuko cha ndani. Uvimbe laini ulio palepale ukingo wa kiatu unapogusa ni wa kifuko cha nje. Maumivu ya chini, makali kwa hatua za kwanza asubuhi, kwa kawaida hayatoki kwenye vifuko kabisa, bali kwenye utando wa unyayo.

Kandambili humfaa mwenye uvimbe wa nje, kwa kuwa hazigusi nyuma. Wa ndani hazimsaidii sana: ni bapa, na kisigino kikishuka kano hukaza na kubana kifuko. Mwenye uvimbe wa ndani, fundi viatu amwekee kipande cha sentimita moja chini ya kisigino, viatu vyote viwili, na aache kwanza kunyoosha mguu ukutani. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15, inatosha.

Kuhusu sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, muulize daktari inaingia wapi. Dawa hizo zikiingia ndani ya kano huweza kuidhoofisha hadi ikatike. Kisigino chekundu, cha moto, pamoja na homa, ni cha kupeleka hospitali siku hiyohiyo. Na kijana anayevimba visigino vyote viwili huku mgongo ukikakamaa kila asubuhi apimwe ugonjwa wa yabisi ya viungo, asibadilishiwe viatu tu.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Tanga