Mafundi wa boti, pimeni uzito wa pistoni kabla hamjafunga injini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na mafundi wa injini za boti huku kwetu Lamu, na wenye boti wenzangu pia, manake hili jambo limenikaa moyoni tangu kusi ya mwaka jana.

Nina boti ya mbao inayobeba abiria na mizigo kati ya Faza na Mokowe, injini ni dizeli ya silinda 4. Pistoni moja, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ilikwama, fundi akafungua injini yote akabadilisha hiyo moja na konrodi yake, ule mkono unaoiunga pistoni na kranki, mhimili unaozunguka huko chini, zile tatu akaona bado nzima akazirudisha. Hiyo mpya ilikuwa ya kampuni nyengine lakini saizi ile ile, ringi zinaingia, pini inaingia, basi ikafungwa. Tukaiwasha pale gatini ikanguruma polepole vizuri kabisa, nikamlipa nikashukuru.

Kumbe ngoja ufike nje. Nikiongeza mafuta ifike mizunguko 1800 kwa dakika mbao zinatetemeka mpaka nyayo zinawasha. Nikamwambia fundi, akanambia nahodha, dizeli ndivyo ilivyo, kaza maunti, vile vishikizo vya injini. Nikakaza, nikabadilisha raba, nikapima shafti kama imenyooka, nikatoa propela ikanyooshwa, wapi. Paipu ya nozeli ikapasuka mara mbili pahali pale pale. Mwezi wa nne beringi ya kranki ikafa tukiwa ndani ya mkondo wa Mkanda na maji yanakupwa, tukakaa juu ya matope na watu 11 na magunia ya unga, kina mama na watoto, mpaka maji yalipojaa usiku ndio tukavutwa.

Injini ilipofunguliwa tena nilichukua pistoni zote nne nikaenda kwa jirani yangu anaepika keki za harusi, ana mizani ya dijitali ya jikoni. Tatu zilikuwa gramu 1112, 1114 na 1113. Ile mpya gramu 1161. Nilirudia mara tatu nikidhani mizani ina shida.

Mtu ataniambia gramu 48 ni kitu gani, hata sabuni ya kuogea ni nzito zaidi. Lakini pistoni haikai, inatupwa juu na kurudishwa chini, na ile nguvu ya kutupa inakua kwa mraba wa mwendo, yaani ukizidisha mwendo mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Kwa injini kama yangu, ambayo mkono wa kranki ni kama sentimita 6 na kidogo, hizo gramu 48 kwa mizunguko 1800 zinavuta kama kilo 11, juu na chini, mara 30 kila sekunde. Kwa mizunguko 900 hata kilo 3 hazifiki, na ndio sababu pale gatini hatukuskia chochote! Kwa hivyo fundi kuiskiza injini ikiwa imefungwa gatini na kusema iko sawa, hiyo sio kupima.

Tena pistoni sio peke yake. Konrodi ina pande mbili na kila upande una kazi yake, upande mkubwa unazunguka na kranki, upande mdogo unapanda na kushuka na pistoni, kwa hivyo haitoshi kuiweka yote juu ya mizani, unaning'iniza upande mmoja iwe imelala sawa, mwengine unakaa kwa mizani, halafu unageuza. Unaweza kupata konrodi mbili zina uzito sawa kabisa lakini moja imeelemea chini. Na pistoni iliyozidi uzito hupunguzwa kwa ndani, karibu na pahali pa pini, sio kichwani panapopigwa na moto.

Jambo jengine, injini nyengine za silinda 4, kama Perkins 4.236 nyingi, zina balansa ndani ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, vyuma viwili vinavyozunguka mara mbili ya mwendo wa kranki kuua mtetemo ambao injini ya silinda 4 huwa nao hata kila kitu kikiwa sawa. Ikirudishwa na meno hayakulingana na alama, badala ya kuua mtetemo inauongeza. Wallahi nimeona fundi akiirudisha bila kuangalia alama.

Kranki na flaiwili zangu, lile gurudumu zito la mwisho wa kranki, nilizifunga kwa magunia nikazipeleka Mombasa kwa basi zikabalansiwe kwa mashine, yaani uzito uwe sawa pande zote, siku 9 boti imelala, wanafunzi na wagonjwa wanatafuta njia nyengine. Ombi langu kwa kaunti, mashine kama hiyo ikae kwa chuo kimoja cha ufundi hapa kwetu, visiwa vizima hivi vinategemea dizeli kutembea. Na wenye boti, fundi akikwambia anabadilisha pistoni moja muulize amepima gramu ngapi, na asipokuwa na mizani mpe yako.

Fundi niliye naye sasa huandika uzito kwa wino ndani ya mfuniko wa boksi la injini. Zangu ziko hapo, yeyote akipanda anaweza kusoma: 1113, 1112, 1112, 1113.

Nahodha wa boti,
Faza, Lamu