Harambee ya vitufe vya dharura kwa walimu wetu

Ndugu wazazi, walezi, wanafunzi wetu wa zamani na marafiki wote wa shule,

Muhula uliopita mtoto wa darasa la tatu alibanwa na pumu katikati ya somo. Mwalimu alimpakata sakafuni, akamtuma mwanafunzi mwingine akimbilie ofisini. Ofisi ilikuwa imefungwa. Yule aliyetumwa alizunguka jengo zima akigonga milango, huku simu ya mwalimu ikiwa mkobani, upande wa pili wa darasa. Mgonjwa alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini tuliokuwepo hatujasahau jinsi midomo yake ilivyobadilika rangi.

Ndiyo maana kamati ya wazazi na walimu imeazimia kuweka kengele ya kimya. Kila mfanyakazi, mlinzi na mpishi wakiwemo, atavaa shingoni kitambulisho chenye kitufe. Akikibonyeza, darasani hakilii kitu. Taarifa inafika ofisini papo hapo, ikitaja chumba alichomo. Kwa mgonjwa atabonyeza mara chache. Kwa hatari ya shule nzima atabonyeza mara nyingi mfululizo, polisi wapate habari na milango yote ifungwe.

Wengine wameuliza kwa nini isilie. Februari 14, 2018, katika shule ya Marjory Stoneman Douglas huko Parkland, jimbo la Florida, Marekani, mtu mwenye bunduki aliua watu 17. Risasi zilitimua vumbi la dari, king'ora cha moto kikalia, na wanafunzi waliodhani ni moto wakatoka madarasani hadi kwenye korido, kule kule hatari ilikokuwa ikija. Miongoni mwa waliouawa siku hiyo ni Alyssa Alhadeff, binti wa miaka 14. Mama yake, Lori, alipigania sheria ya kengele za kimya mashuleni, ambayo leo ina jina la bintiye. New Jersey iliipitisha mwaka 2019, Florida 2020, na majimbo mengine yakafuata.

Fedha tunazochanga zitanunua vitambulisho, vipokezi vya kila jengo na betri za akiba umeme ukikatika. Sehemu tumeitenga kwa mazoezi ya kila muhula, na hapo hatutapunguza hata kidogo: kitufe ambacho mwalimu hajawahi kukijaribu, siku ya siku vidole vitamtetemeka. Zisipotosha kwa majengo yote, tutaanza na maabara na madarasa ya wadogo, kwa kuwa ndiyo yaliyo mbali zaidi na ofisi.

Michango ipitie akaunti ya shule au kwa mhazini, na kila mtoaji apewe stakabadhi. Tafadhali msimpe mtu yeyote fedha mkononi njiani. Mafundi umeme mlio wazazi hapa, tunaomba Jumamosi zenu mbili za kufunga vipokezi.

Tukutane uwanjani Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa nne asubuhi. Mwalimu wa darasa la tatu atakuwepo na kitufe cha majaribio, nanyi mtakibonyeza wenyewe.

Kamati ya Wazazi na Walimu