Kwenye ukurasa wa gemu mpira umezidi

Ndugu Mhariri,

Mimi msomaji wenu wa hapa Ngamiani, Tanga. Ukurasa wenu wa vijana ukigusa gemu basi ni mpira tu, wakati kuna kazi kama Axiom Verge haitajwi kabisa na inaniuma kwa kweli. Hii gemu ilitoka 2015 kwenye PlayStation 4, na jamaa mmoja tu, Thomas Happ wa Marekani, ndo kaifanya yote, programu ya kompyuta kaandika yeye, michoro kachora yeye, muziki katunga yeye, ikamchukua kama miaka mitano. Mtu mmoja!

Michoro ni ya vidoti vya zamani, inafuata nyayo za Metroid, gemu ya kampuni ya Nintendo ya 1986. Unakuwa Trace, mwanasayansi, maabara inalipuka anazindukia dunia ngeni inaitwa Sudra. Hakuna hatua ya kwanza wala ya pili, unazunguka mwenyewe, ukikuta njia imeziba unaiacha, ukishapata kifaa kinachofaa unarudi. Ila kilichonimaliza ni kile kifaa cha Address Disruptor, unampiga nacho adui anavurugika kama gemu imeharibika vile, mwingine anakuwa mnyonge, mwingine ndo unamtumia kupita. Yaani hitilafu imegeuzwa silaha, nani angewaza hivyo?

Vijana wetu wanaosoma kompyuta hapa Tanga wanadhani gemu lazima kampuni ya watu mia. Naomba muandike habari za watu kama Happ, hata nusu ukurasa jamani, mpira tutaukuta ukurasa wa nyuma.

Msomaji wenu, Tanga