Farasi Aliyefundishwa Kusubiri

Magomeni,
Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Barua yako niliianza ndani ya daladala na kuirudia nyumbani, kwa sababu yule binti unayemfundisha mbio ndefu, anayechomoka tangu hatua ya kwanza kisha pumzi zikamwishia mzunguko wa mwisho, amenikumbusha farasi Frankel. Farasi niliowahi kuwaona kwa macho yangu ni wa polisi tu, kwenye gwaride, lakini huyu nimemtazama kwenye simu mpaka namjua mwendo.

Alikimbia mara 14 Uingereza, kati ya mwaka 2010 na 2012, na zote akashinda. Wengi husifu mbio za 2000 Guineas za mwaka 2011, alipotimka mapema na kushinda kwa umbali wa farasi 6. Mimi naona hatari ilikuwa hapohapo, kwani Juni ile, kwenye uwanja wa Ascot, aliwahi tena kufyatuka, akamaliza amechoka huku farasi mwingine, Zoffany, akimfukuzia kwa karibu.

Mkufunzi wake, Henry Cecil, alikuwa anaugua saratani tangu mwaka 2006. Alijua kwamba mbio haikuwa jambo la kumfundisha farasi yule. Alichokosa ni utulivu, na utulivu hauji kwa kumvunja moyo mnyama. Kwa hiyo alimwendea polepole, asubuhi baada ya asubuhi, mazoezini Newmarket.

Tazama mbio za uwanja wa York, Agosti 2012. Ni mara yake ya kwanza kukimbia zaidi ya mita 2,000, naye yuko nyuma kabisa, hana papara. Wanapoingia njia ya mwisho wapandaji wengine wanasukuma kwa nguvu zao zote, ilhali mpandaji wake, Tom Queally, ametulia tandikoni, mikono haisogei. Akashinda kwa umbali wa farasi 7. Mzee Cecil alikuwepo, amekonda chini ya kofia yake, sauti imebaki mnong'ono. Alifariki Juni 2013, akiwa na miaka 70. Kila nikifika hapo koo hunikaba.

Nitakutumia picha za mbio hizo. Tafadhali mwonyeshe binti ule mwanzo, hata mara tatu, kabla hujamwonyesha ushindi.

Wako daima,
Rafiki yako wa Magomeni