Tovuti imezimia, tazameni tangi kwanza

Mhariri,

Nina nyumba ya wageni ya vyumba 6 Jambiani. Julai hii, msimu umeshachanganya, tovuti yangu ikawa kila jioni inaandika "503". Jirani akaniambia nimedukuliwa. Wapi! 503 maana yake seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, ipo, ila kwa wakati ule haimudu kazi.

Mimi nimekulia maghorofa ya Michenzani, jambo hili nalijua kwa ndoo. Tovuti zetu nyingi ndogo hukaa kwenye seva ya kushirikiana: wapangaji chungu nzima, prosesa (ubongo wa kompyuta) na memori (nafasi yake ya kufanyia kazi) ni hizo hizo. Ni kama tangi moja la maji la ghorofa: wa chini akifungulia mfereji, wa juu anasikiliza upepo tu.

Aliyeniuzia huduma akataka nihamie seva nzima peke yangu, bei mara kumi. Kabla sijalipa, mwanangu akachungulia. Picha za ukurasa wa mwanzo zilikuwa na MB 7 kila moja, vilevile zilivyotoka kwenye kamera! Tukazishusha chini ya KB 300, tukawasha kashe, nakala ya ukurasa iliyokwisha tayarishwa, ili seva isiupike ukurasa upya kwa kila anayebisha hodi.

Tukapumua. Agosti 503 ikarudi, na grafu ya memori imegota juu kabisa. Hapo ndipo nilipohamia seva pepe, yaani sehemu ya seva kubwa iliyotengwa kwa ajili yangu, memori GB 2 zangu mwenyewe, kwa bei nafuu kuliko ile niliyotajiwa.

Wenzangu wa Paje na Kiwengwa, kabla hamjatoa pesa mwambieni muuzaji awaoneshe hiyo grafu ya memori. Mimi sikuoneshwa mpaka nilipogomba.

Mwenye nyumba ya wageni,
Jambiani, Unguja