Kabla mashine ya kuchapa ya misheni haijauzwa kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie maparoko, wakuu wa shule na watunza stoo za misheni hapa Mtwara na Lindi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanafika hadi vijijini, na mashine ya kuchapa ya mkono, ambayo huweza kuzidi nusu tani, kwao ni mzigo mnono. Herufi zake, vipande vidogo vya madini ya risasi vinavyopangwa kuwa maneno, ziko hatarini zaidi. Kwenye pwani ya wavuvi risasi haikai bure, huyeyushwa ikawa chubwi za nyavu, na herufi ikishayeyuka hairudi.

Anayetaka kuona thamani ya mashine hizi aende Kuruman, Afrika Kusini, takribani kilomita 230 kutoka Kimberley. Mmisionari Robert Moffat alijifunza uchapaji Cape Town, akachapa huko Injili ya Luka kwa Kitswana mwaka 1830, na mwaka uliofuata mashine ya chuma ikafika Kuruman kwa gari la ng'ombe. Kufikia mwaka 1857 Biblia nzima ya Kitswana ilikuwa imechapwa palepale. Wenyeji wa Mikindani wana sababu yao ya kupajua: David Livingstone, aliyepita kwao mwaka 1866, alimwoa Mary, binti wa Moffat, mwaka 1845. Mwenye nafasi afike pia Morija, Lesotho, kusini mwa Maseru, ambako wamisheni walianza kuchapa mwaka 1861 na gazeti la Leselinyana likaanza mwaka 1863.

Lakini mgeni akipiga picha tu na kuondoka atakuwa hajaona kitu. Aombe ashike herufi moja. Kimo chake ni milimita 23.3, na zote lazima zilingane, kwa sababu iliyolika hata sehemu ya kumi ya milimita hutoka hafifu. Dawa yake ni kubandika kipande cha karatasi nyembamba nyuma ya mahali palipofifia, si kuvuta kwa nguvu zaidi mpini unaokandamiza karatasi. Ubavuni mwa herufi kuna mfuo mdogo. Mpanga herufi huupapasa kwa kidole gumba ajue upande wa juu bila kutazama, maana u iliyopinduka ni n, na "kuku" huwa "knkn".

Kisha aulize habari za visanduku vya herufi, maana hapo ndipo lugha zetu zilipotaabika. Seti kubwa ya Kiingereza ya zamani, kwa kila e 12,000, ilikuwa na a 8,500 na k 800 tu. Sasa pima neno "wakakaa": linakula a nne na k mbili. Ukilipanga mara 400, k zote 800 zimekwisha, ilhali a umetumia 1,600 tu. Ndiyo maana mchapaji wa Kiswahili alipanga kurasa chache, akachapa, akaosha herufi, akazirudisha visandukuni ndipo aanze kurasa nyingine. Kazi ya kurudisha haionekani kwenye kitabu, lakini ilikula siku nyingi.

Kuchapa kwenyewe ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapitisha rola yenye wino wa masizi na mafuta ya kitani, mwingine anaweka karatasi, anasukuma kitanda, yaani meza ya chuma yenye herufi, chini ya bamba la kukandamizia na kuvuta mpini. Karatasi hulowanishwa kidogo tangu jana yake na kulazwa chini ya ubao, kwa kuwa karatasi yenye unyevu hupokea wino bila kukandamizwa sana. Wawili waliozoea hutoa karatasi kama 200 kwa saa, upande mmoja tu, mvuto mmoja kila karatasi. Kitabu cha kurasa 960, kurasa nane kila upande wa karatasi, kinataka mivuto 120 kwa nakala moja. Nakala 1,000 ni mivuto 120,000, yaani saa 600 za kuvuta mpini tu. Na kwenye joto rola za zamani, za gundi ya ngozi na molasi, zililainika na hata kuyeyuka, hivyo kazi ilifaa alfajiri.

Sasa nirudi nyumbani. Kuruman ni kandoni mwa Kalahari, hewa yake kavu. Sisi tuna bahari. Utunzaji wa kule ukiletwa hapa kama ulivyo, kutu itaila mashine.

Isiegemezwe kwenye ukuta unaotazama bahari, na iinuliwe juu ya magogo. Isifunikwe nailoni, maana unyevu hunaswa ndani. Shuka la pamba linatosha. Kutu ilainishwe kwa mafuta ya taa na kusuguliwa kwa brashi ya shaba. Msasa usiguse kitanda wala bamba, kwa kuwa ukikwaruza nyuso hizo hazitachapa sawasawa tena. Rangi pia isipakwe hapo wala kwenye reli ambazo kitanda huteleza juu yake. Panatosha mafuta mepesi ya mashine, yapanguswe na kupakwa upya kila mwezi wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili.

Mkiihamisha, msiishike kwa mpini. Chuma cha kumimina hakipindi, hupasuka, na ufa kwenye fremu ndio mwisho wa mashine. Piga picha kila upande kabla ya kufungua boliti, na kila boliti ipewe namba.

Herufi zikiota unga mweupe, msiupulize. Hiyo ni risasi inayoliwa na unyevu na mvuke wa mbao za kisanduku, na ni sumu. Futeni kwa kitambaa chenye maji kidogo, watoto wasisogee, nawa mikono kabla ya kula. Kisha zihamishieni kwenye vyombo vya plastiki vikavu, kila herufi na wenzake. Zikichanganywa kwenye gunia moja, kuzitenga ni kazi ya miezi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumwita mwenye mizani.

Fundi wa mashine za kuchapa,
Mikindani, Mtwara